Mwenzi wako anapotumia methadoni

Mwenzi wako akianza methadoni kutibu uraibu wa heroini, usimharakishe kuiacha kwa kudhani kwamba amebadilisha tu ulevi mmoja kwa mwingine, kwani dozi sahihi humwondolea arosto, yaani mateso ya mwili kukosa heroini, bila kumlewesha, na wengi huihitaji kwa miaka. Hatari kubwa huja anapoikatiza, kwa sababu mwili uliokwisha kupoteza uzoefu wa heroini unaweza kuzimwa pumzi na kipimo kile kile alichokimudu zamani. Wekeni nyumbani naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha heroini, nawe ujifunze kuitumia kabla hujakuta midomo yake imegeuka rangi, anakoroma na haamki. Hapo mpe, kisha uite msaada mara moja. Kumhoji kila jioni kama ametumia tena, kwa maoni yangu, huzaa uongo tu, muulize amelalaje.