Mkojo rangi ya chai baada ya kazi nzito: cha kufanya siku hiyohiyo

Ukiamka siku ya pili au ya tatu baada ya mazoezi makali, ukakuta mkojo umekolea kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, nenda hospitali, usiishie duka la dawa. Mimi niliishia huko, na nusura nipoteze figo.

Nilikuwa sijafanya mazoezi tangu nimalize chuo. Jumamosi moja hapa Dodoma, mwalimu mwenzangu alinipeleka ukumbi wa mazoezi, tukachuchumaa na kusimama mara 200. Jumapili mapaja yaliuma, nikaona ni kawaida. Jumatatu yalikuwa yamevimba, magumu kama ubao. Nikaingia chooni, nikashika ukuta kwa mikono miwili, nikajishusha, na kuinuka nikashindwa. Mke wangu ndiye aliyekuja kunivuta. Maumivu ya kawaida ya mazoezi hayakufikishi hapo. Duka la dawa wakasema ni UTI, wakanipa antibayotiki, na diklofenaki ya maumivu. Hiyo diklofenaki ndiyo ya kuogopa, na ibuprofeni vilevile: hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo zenyewe hapo zimeshazidiwa.

Misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake, seli zake hupasuka na vilivyomo humwagika kwenye damu. Kimojawapo ni myoglobini, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli. Hiyo ndiyo inayotia mkojo rangi, na ikiwa nyingi huumiza na kuziba mirija midogo ya figo. Kingine ni potasiamu, ambayo ikipanda sana yaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana nasema siku hiyohiyo.

Kabla hujatoka nyumbani, kojoa kwenye chupa safi yenye kifuniko, andika saa, uibebe. Myoglobini haikai, ukichelewa mpaka kesho yake mkojo unaweza kuwa umeshasafika wakati hatari bado ipo. Kama bado unakojoa, kunywa maji njiani. Ukifika, usiseme tu "mkojo mchafu." Sema ulifanya kazi gani, lini, na dawa zote ulizomeza.

Mimi nilipofika hospitali hatimaye, sikusema. Aliyeniokoa ni dada wa maabara. Alichovya kijiti kwenye mkojo, kikageuka kijani iliyokolea, maana yake damu nyingi. Akaweka tone kwenye darubini, akatazama, akarudia. Chembe nyekundu za damu hakuziona. Akatoka hadi kwenye benchi nilipokaa.

"Mwalimu, wiki hii umefanya kazi gani nzito?"

"Hakuna, dada. Mazoezi tu."

"Mazoezi gani?"

Nilipomweleza alirudi ndani haraka, akampigia daktari.

Kijiti kile hakitofautishi hemoglobini ya damu na myoglobini ya misuli. Kikisema damu na darubini ikakataa, hapo pana jambo. Malaria kali nayo huweza kuleta mkojo wa namna hiyo, kwa hiyo kubali kupimwa malaria, ila wasiishie hapo. Omba kipimo cha CK (kimeng'enya cha misuli kinachomwagika kwenye damu msuli ukiumia), kreatinini (huonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu. CK kwa kawaida huwa mamia machache. Ikipita 5,000 hofu ya figo inakuwa kubwa. Yangu ilisoma 48,600, na kesho yake ikapanda tena, kwa sababu hupanda siku moja hadi tatu kabla ya kushuka. Omba warudie.

Nililazwa siku nne kwa dripu. Nilikojoa kwenye jagi lenye alama, nesi akiandika. Walitaka nifikishe mililita 200 mpaka 300 kwa saa. Usione aibu na jagi hilo.

Si wa mazoezi tu. Aliyepigwa sana, aliyeangukiwa na ukuta, aliyepata degedege la muda mrefu, wote wapimwe hata kama wanaongea vizuri. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall walieleza watu waliofukuliwa kwenye vifusi wakiwa hai, kisha wakafa kwa figo siku chache baadaye.

Hali hii ikikurudia kwa kazi ndogo, au kama tangu utotoni misuli hukukaza dakika za kwanza tu za kukimbia, mwambie daktari. Kuna ugonjwa wa kurithi, wa McArdle, ulioelezwa mwaka 1951, ambao msuli hushindwa kuvunja sukari iliyojiwekea. Waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja nao wako hatarini zaidi wakijikaza kwenye jua kali. Walitaje hilo mapema.

Nilipumzika wiki sita, CK ikarudi chini. Nikaanza upya kwa kuchuchumaa mara 10, nikasubiri siku tatu nikitazama mkojo, ndipo nikaongeza 5.