Namna ya kukadiria mafua sugu katika banda la kuku

Mfugaji akisikia kuku watano wanakoroma, hutaka kujua kwanza awape dawa gani. Mimi huanza kwa kuuliza ugonjwa umefika kwa wangapi, kwa sababu mafua sugu, yanayoletwa na bakteria aina ya mikoplasma, hukaa ndani ya kuku wengi wasioonyesha dalili yoyote, na tena hupitia kwenye yai hadi kwa kifaranga.

Hatua ya 1. Ingia bandani usiku kuku wakishatulia, simama kimya, usikilize mkoromo ambao mchana humezwa na kelele. Nyuso zikiwa zimevimba na kamasi inanuka, shuku mafua ya kuambukiza, ambayo bakteria wake ni mwingine na kipimo cha damu cha hatua zinazofuata hakimwonyeshi.

Hatua ya 2. Chagua kuku 60. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa mkono hukimbilia walio karibu na mlango au wanyonge wasioweza kukimbia, na matokeo yake ni kiwango kisicho cha banda zima. Ligawe banda mafungu 6, ukamate 10 katika kila fungu bila kuangalia nani anaumwa.

Hatua ya 3. Uliza kuhusu chanjo, maana chanjo iliyotolewa karibuni inaweza kukupotosha. Kisha chota mililita 1 ya damu kwenye mshipa wa bawa, uilaze sirinji mpaka damu igande na seramu, yaani majimaji ya damu, ijitenge. Seramu ihifadhiwe kwenye baridi, isigandishwe kuwa barafu.

Hatua ya 4. Changanya tone la seramu na tone la antijeni yenye rangi (dawa ya kupimia iliyotengenezwa kwa mikoplasma) juu ya kigae cheupe, ukikiinamisha huku na huku kwa dakika 2. Vikitokea vibonge, kuku huyo ana kingamwili, yaani amewahi kukutana na kimelea.

Hatua ya 5. Wakipatikana 18 wenye kingamwili kati ya 60, kiwango ni 30%, lakini kwa sampuli ndogo hivyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 18% na 42%, na mfugaji aambiwe hivyo waziwazi. Penisilini isitumike, kwani mikoplasma haina ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia. Tailosini, ambayo ni antibiotiki nyingine, hupunguza dalili bila kuondoa maambukizi bandani, kwa hiyo mayai ya kundi hilo yasiatamishwe.