Kwenda Vuma na kurudi siku moja: hatua kwa hatua kutoka Mombasa

Binamu zangu wa Nairobi wameniuliza mara tatu sasa jinsi ya kwenda Vuma, kwenye majabali ya baharini karibu na Takaungu, Kilifi, basi naandika yaishe.

1. Msimu. Nendeni wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi hupiga jabali mpaka povu likurukie ukiwa juu. Kutazama ni raha. Kushuka chini, msithubutu.

2. Maji. Hapa ndipo nilipokomea mimi, kwa hiyo someni polepole.

Majabali ya Vuma ni matumbawe ya kale, makali kama kikwaruzo, na chini yake kuna vijipwani ambavyo huonekana maji yakipwa tu. Nilitazama jedwali kwenye simu, nikaona maji yatapwa 10:40. Kichwani nikasoma saa kumi na dakika arobaini, jioni. Kumbe ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi! Tukashuka saa saba unusu, tukijua maji bado yanatoka. Kufikia saa nane njia tuliyojia ilikuwa imefunikwa. Tulikaa juu ya jiwe, watu wanne na chupa moja ya maji, hadi saa mbili usiku. Bahati mwezi ulikuwa mpevu.

Na huo mwezi mpevu ndio ulioniponza mara ya pili, maana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Tena hayaji kwa mwendo mmoja. Katika saa 6 za kujaa, mbili za katikati huleta karibu nusu ya maji yote. Unageuka kupiga picha, ukirudi jiwe halipo.

Siku hizi sianzi na simu, naanza na mwezi. Siku za bamvua, kwetu maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hupwa kuelekea saa kumi jioni, lakini hayatoki sana, vijipwani vingine havitokezi kabisa. Jedwali baadaye, kwa kuhakikisha. Shukeni muda wa saa moja kabla ya kupwa kwenyewe, na yakipwa, anzeni kupanda.

3. Usafiri. Matatu ya Kilifi, alfajiri, kabla foleni ya Mtwapa haijaamka. Shukeni kabla ya Takaungu, kisha bodaboda katikati ya mashamba ya mkonge. Chukueni namba ya yule wa boda. Jioni huko juu hapiti mtu.

4. Viatu. Akala. Patipati hukatika hatua ya kumi, na raba zikilowa hazikauki.

5. Chakula. Mahamri na mbaazi, nunueni mjini. Maji lita 2 kila mtu, na msimpe mmoja abebe yote.