Kugawa diski kwa ajili ya Linux bila kuipoteza Windows

Laptopu nyingi zinazoletwa kwangu hapa Mlandege ni za mitumba, zina Windows na kazi za watu za miaka mingi, na makosa mengi ya kugawa diski ninayokutana nayo humo yanatokana na mtu kuanza kukata kabla ya kujua diski yake imepangwa vipi.

Kwanza, weka nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje, na ikiwa BitLocker, yaani kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, imewashwa, uandike ufunguo wake kwenye karatasi. Zima uwashaji wa haraka wa Windows, kisha upunguze sehemu yake ukiwa ndani ya Windows yenyewe. GB 40 zinatosha kuanzia. Betri iwe inashika chaji, kwani umeme wetu, Unguja na Pemba, hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na ukikatika sehemu inapopunguzwa, mafaili yanaweza kuharibika.

Pili, washa kwa flashi yenye kisakinishi cha Linux, chagua kuijaribu Linux bila kuisakinisha, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike `ls /sys/firmware/efi`. Folda ikiwepo, umewaka kwa UEFI, yaani njia mpya ya kuwashia kompyuta. Isipokuwepo, umewaka kwa BIOS ya zamani. Amri ya `sudo parted -l` itakuonyesha aina ya jedwali la diski, yaani orodha ya sehemu zake: ama gpt, ya kisasa, ama msdos, ya zamani. Windows ikiwa kwenye gpt ilhali flashi imewaka kwa BIOS, usiendelee: zima, kisha katika menyu ya kuwashia uchague flashi iliyoandikwa UEFI.

Kosa linalowasumbua wengi ni lile la kisakinishi kuonyesha nafasi tupu na papo hapo kusema kwamba haitumiki. Sababu ni kwamba jedwali la msdos hubeba sehemu kuu 4 tu, na laptopu nyingi za zamani zilitoka kiwandani zikiwa zimeshazijaza zote: ya kuwashia, ya Windows, ya kurejeshea mfumo na ya vifaa vya kiwanda, yaani programu saidizi za mtengenezaji. Hapo ndipo watu hubonyeza kitufe cha kuunda jedwali jipya, ambacho hufuta orodha ya sehemu zote, ya Windows ikiwemo. Usikiguse. Futa ile ya vifaa vya kiwanda baada ya kuinakili, kisha katika nafasi uliyoipunguza uunde sehemu moja ya kubebea nyingine, na ndani yake uiweke Linux, ambayo huwaka humo bila taabu. Kwenye gpt tatizo hili halipo, kwa kuwa kwa kawaida hubeba sehemu 128.

Tatu, chagua kugawa kwa mkono. Nafasi tupu iwe ext4, muundo wa kuhifadhia mafaili wa Linux, na ipachikwe (iunganishwe) kwenye `/`, ambao ni mzizi wa mfumo. Kwa UEFI, sehemu ndogo ya kuwashia iliyopo, yenye muundo wa FAT32, ipachikwe kwenye `/boot/efi` bila kufomatiwa, kwa sababu ukiifomati, Windows haitawaka tena. Soma orodha ya mabadiliko mstari kwa mstari, na ukiona sehemu usiyoitambua inataka kufomatiwa, rudi nyuma kabla ya kuthibitisha.