Ukikamatwa usikimbilie kusaini: haki zako kuanzia kituoni mpaka mahakamani

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu Mtwara, kusini mwa Tanzania, kuanzia Tandahimba, Newala mpaka Masasi, kesi nazo zinaanza, huyu kadakwa usiku na magunia anaambiwa kaiba, yule anaambiwa ni kangomba, yaani mnunuzi wa korosho kinyume cha utaratibu, wengine wamegombania mpaka wa shamba wakaumizana. Na wengi nnaowaona wanaishia pabaya wamepoteza kesi siku ya kwanza tu kituoni, sababu walitaka yaishe warudi nyumbani.

Mjomba wangu aliambiwa "weka dole gumba hapa uende zako". Hajui kusoma vizuri, na vidole vyake vimeliwa na mafuta ya korosho, kwahiyo wakamgandamiza dole mara tatu mpaka alama ikatoka. Alitoka anajifutia wino kwenye msuli. Tukaja kusikia mahakamani ile karatasi inasema amekiri wizi. Kesi ilituchukua karibu mwaka, bado naumia nikikumbuka.

Sasa twende taratibu. Ukikamatwa uliza umekamatwa kwa kosa gani, ni haki yako kuambiwa. Wakichukua simu, gunia au pikipiki, dai risiti, na hakikisha vitu vimeandikwa vyote na mashahidi wa upekuzi wamesaini. Usibishane kwa mikono hata kama umeonewa maana hilo linazaa kosa lingine.

Kituoni unalazimika kutaja jina na unapoishi. Maswali ya kosa lenyewe hulazimiki kujibu, na kabla hawajaanza kukuandika wanatakiwa wakupe onyo kwamba utakachosema kinaweza kutumika mahakamani, na kwamba unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sema wazi: "naomba nimpigie ndugu yangu kwanza." Muda wa kukuhoji ni masaa manne tangu uwe chini ya ulinzi, unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria, muda wa kukusafirisha na wa kumsubiri wakili au ndugu hauhesabiwi. Hapa pana uzito sana jamani, angalia saa ya kuanza na ya kumaliza iliyoandikwa kwenye maelezo, Mahakama ya Rufani imeshayatupilia mbali maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa, kwenye kesi kubwa kabisa kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda. Kama hujui kusoma omba usomewe yote, neno ambalo hukusema lirekebishwe kabla ya dole. Na ukipigwa mwambie hakimu siku hiyohiyo unayofikishwa, onyesha na majeraha.

Dhamana ni bure. Hakuna hela ya karatasi wala ya mafuta ya gari. Usipopewa ya polisi, sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya masaa 24 au mapema inavyowezekana. Ndugu mlioko nje msikae mnalia getini, mmoja akimbie kwa mtendaji wa kijiji achukue barua ya mdhamini, aje na kitambulisho chake cha NIDA. Makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana. Na kesi ya mali inayozidi milioni 10 mahakama itataka uweke nusu yake, pesa taslimu au mali.

Mahakamani ndo penye mtego. Hakimu anasoma shtaka anauliza ni kweli au si kweli. Kule mahabusu utaambiwa na wenzako "kubali upigwe faini uondoke", usiwasikilize kama hukufanya. Ukikiri vizuri ukahukumiwa, rufaa yako inabaki karibu yote ni ya ukubwa wa adhabu tu. Kama ulichukua gunia ukijua ni lako, usiseme "ni kweli nilichukua" ukanyamaza, sema si kweli, hukuiba. Hata ukikubali, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa na unaulizwa tena, pale unaruhusiwa kukataa. Mzee anayeelewa Kimakonde tu aombe mkalimani, asitikise kichwa kwa heshima.

Omba nakala ya maelezo ya mlalamikaji. Nunua daftari, shahidi akisema uongo andika, zamu yako ikifika muulize hapohapo, maana jambo zito usipomuuliza mahakama inaweza kuchukulia umelikubali. Kumbuka huna kazi ya kuthibitisha huna hatia, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndo yenye kazi ya kuthibitisha bila kuacha shaka.

Wakili kama huna hela, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia wasaidizi wa kisheria kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako, na mwombe hakimu mwenyewe pia.

Ukishindwa, hesabu siku. Kutoka Mahakama ya Mwanzo una siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, alafu rufaa yenyewe ndani ya siku 45, kwetu inaenda Mahakama Kuu Mtwara mjini. Aliyefungwa anaitoa hukohuko gerezani kupitia mkuu wa gereza, kwahiyo ndugu mkienda kumtembelea wiki ya kwanza muulizeni kama ameshaandika.