Kutembea Taratibu Yanaka na Nezu: Mgeni Wako Abebe Pasipoti Yenyewe

Ndugu mnaoishi Tokyo, mkitembelewa na wazazi au wajomba, wapelekeni Yanaka, Nezu na Sendagi, mitaa ambayo kwa sehemu kubwa ilinusurika tetemeko la mwaka 1923 na mabomu ya mwaka 1945, na ambayo hadi leo ina nyumba za mbao, mahekalu madogo na vichochoro ambavyo mtu mzima huvipita bila kusukumwa. Ila kabla ya kutoka mlangoni, hakikisheni mgeni amebeba pasipoti yenyewe. Sisemi nakala, wala picha iliyo kwenye simu.

Mjomba wangu alitoka na nakala iliyogongwa muhuri wa wakili, pasipoti akaiacha sandukuni, kwa kuwa nyumbani tumezoea kuifungia hati ya thamani kabatini na kuzunguka maofisini na nakala iliyothibitishwa. Tukiwa Sendagi, yeye ameinamia vyungu vya maua vilivyopangwa mbele ya nyumba ya mtu, askari wawili waliokuwa kwenye baiskeli walitusimamisha. Mmoja aliipokea nakala kwa mikono miwili, akaigeuza, akautazama muhuri, akairudisha kwa mikono miwili vilevile, kisha akaomba pasipoti tena. Tulipelekwa koban, kituo kidogo cha polisi cha mtaa, tukakaa humo hadi ninayeishi naye alipoileta pasipoti kwa treni, na giza lilikuwa limeshaingia.

Sheria ya uhamiaji inamtaka mgeni wa muda mfupi awe na pasipoti wakati wote, na faini ya kutokuwa nayo inaweza kufika yeni 100,000. Wewe mkaazi ukikutwa huna kadi ya ukaazi, inaweza kufika yeni 200,000. Walio chini ya miaka 16 hawabanwi na sharti hilo. Mama zetu na wajomba zetu watasema itaibiwa njiani, na kwa Kariakoo au Gikomba wana haki ya kuogopa, lakini katika jiji hili hata pochi iliyoanguka barabarani mara nyingi hupelekwa koban. Wazee wetu, tunawaomba: muhuri wa wakili hauna kazi huku.

Msidanganywe na utulivu wa mitaa hii. Shinjuku umati unakumeza. Yanaka mgeni anaonekana tangu anapokata kona, na sifurahii hata kidogo kwamba sura ya kigeni peke yake huvuta macho ya askari. Hata hivyo, usimbembeleze kama unavyombembeleza afande wa barabarani nyumbani, na fedha usizitaje kabisa. Adabu ya Wajapani ni ya kweli, lakini hailegezi kanuni, na anayekuinamia kwa heshima bado atakushikilia hadi hati ionekane. Pasipoti ikae mwilini mwa mgeni, si kwenye mkoba wako wewe, maana mnaweza kupotezana.

Njia yenyewe ni rahisi: shukeni kituo cha treni cha Nippori, piteni makaburi ya Yanaka alikozikwa Tokugawa Yoshinobu, shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) wa mwisho, teremkeni ngazi hadi soko la Yanaka Ginza, kisha mfuate vichochoro hadi hekalu la Nezu, lenye majengo ya mwaka 1706, na mrudi kwa treni ya chini ya ardhi kutoka Nezu. Mzee mwenye magoti mabovu asianzie Nezu, kwa sababu ngazi za Yanaka Ginza atalazimika kuzipanda akiwa amechoka.