Kabla ya Kumrudisha Mazoezini Farasi Aliyeokolewa: Mambo ya Kuzingatia

Farasi aliyeokolewa akiwa mifupa mitupu hupata hamu ya kukimbia kabla hajapata uwezo wa kukimbia. Wiki chache za kula vizuri zinatosha kumfanya ainue mkia na kuzunguka malishoni kwa fujo, na hapo ndipo wengi hukimbilia kumtandika. Moyo, mapafu na misuli huitikia mazoezi ndani ya wiki kadhaa. Kano na ligamenti (nyuzi zinazounganisha mfupa na mfupa) hutaka miezi, na mifupa inaweza kuhitaji hata mwaka. Hatari yenyewe iko hapo: pumzi anayo, miguu bado.

Anza na hali ya mwili. Siku za mwanzo hakuna mazoezi kabisa, kwa sababu hata kulisha peke yake ni kazi ya hatari. Mnyama aliyeshinda njaa muda mrefu akijaziwa nafaka ghafla, insulini hupanda na kusukuma fosforasi, magnesiamu na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Moyo na mapafu hushindwa kufanya kazi, na farasi anaweza kufa siku chache baada ya kupata chakula, wakati wenye kumtunza wanadhani amepona. Ndiyo maana huanzishwa kwa lusini (alfalfa, jani la malisho la jamii ya kunde) kavu, takriban nusu kilo kila baada ya saa 4 kwa siku 3 za kwanza, kisha kiasi huongezwa taratibu hadi siku ya 10, chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo.

Baada ya hapo tumia kipimo cha Henneke cha mwaka 1983, kinachopima unene wa farasi kutoka 1 (mifupa mitupu) hadi 9 (mnene kupindukia). Usitegemee macho tu, maana manyoya marefu hudanganya. Papasa shingo, kinundu cha mabega, nyuma ya bega, mbavu, kiuno na shina la mkia. Akiwa 3 au chini yake, huyo bado ni wa kulishwa. Akifika 4, anaweza kutembezwa kwa kamba. Mpandaji asubiri hadi 5, na kutoka mifupa mitupu hadi hapo mara nyingi hupita miezi 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi.

Uzito wenyewe unapimika bila mizani. Zungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Mzingo wa 170 na urefu wa 160 hutoa kilo 389 hivi. Hesabu hii itakufaa baadaye: kiwango kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, lakini kwa anayepata nafuu sisi tungeishia 15, yaani kilo 58 kwa farasi huyo.

Meno yakaguliwe, kwani yenye ncha kali humfanya ateme chakula nusu kimetafunwa. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8; zilizoachwa zikarefuka sana zirudishwe kwa awamu, maana kuzikata zote kwa mkupuo hubadilisha ghafla mvuto kwenye kano. Chanjo ya pepopunda isikosekane. Dawa ya minyoo ichaguliwe na daktari baada ya kupima kinyesi, kwa kuwa minyoo mingi ikifa kwa pamoja inaweza kuumiza utumbo wa farasi dhaifu, na baadhi ya dawa ni hatari kwake.

Kabla ya siku ya kwanza, andika vipimo vyake akiwa ametulia, kwa siku kadhaa mfululizo. Mapigo ya moyo huwa 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, joto nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi. Bila namba hizo hutajua kama amechoka au anaumwa.

Mazoezi yenyewe huanza kwa kumtembeza ukimwongoza kwa kamba, dakika 10 hadi 15 mahali tambarare pasipo utelezi, siku 3 au 4 kwa wiki. Mpe nyasi kidogo kwanza, kwa sababu asidi huruka na kuunguza tumbo tupu. Ongeza dakika 5 kila wiki. Akitembea dakika 45 bila shida, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8, ndipo uingize mchakamchaka wa dakika 1, mara 3, katikati ya matembezi. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: muda kwanza, kisha kasi au mteremko, kamwe si vyote pamoja. Usimzungushe kwenye duara dogo kwa kamba ndefu. Huo ni mzigo mzito kwa viungo, ingawa kwa mtazamaji huonekana zoezi jepesi.

Tandiko hukaguliwa upya kila mwezi, kwani mgongo hubadilika umbo misuli inapojaa. Mabaka makavu katikati ya jasho huashiria sehemu inayobanwa.

Baada ya kila zoezi pima moyo. Usiposhuka chini ya 60 ndani ya dakika 10 hadi 15, kazi ilikuwa nyingi; rudi kiwango cha wiki iliyopita. Kesho yake asubuhi, kabla hajatoka, pitisha kiganja nyuma ya kila mguu chini ya goti, ukilinganisha wa kulia na wa kushoto. Joto au uvimbe upande mmoja ni onyo la kano, na huja siku kadhaa kabla ya kuchechemea. Akikakamaa ghafla katikati ya zoezi, misuli ya makalio ikawa migumu na mkojo mweusi kama kahawa, msimamishe hapohapo, usimtembeze hata hadi bandani, na mwite daktari.